Mgeni Akija Kibera, Tumwonyeshe Nini?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware, katika mkutano ulioitishwa na ofisi ya huduma za jamii ya parokia. Tunayachapa kwa faida ya vikundi vya mashambani pia, kwa sababu wageni wanaozungumziwa hapa hufika huko vilevile.)

 

Tumewaita kwa ajili ya barua. Barua yenyewe tunayo hapa mkononi. Inatoka kwa walimu wa chuo kimoja cha ng'ambo ambao wanataka kuleta wanafunzi kumi na wawili mwezi wa Julai. Wanafunzi hao watakaa Kenya miezi mitatu, watajifunza Kiswahili, historia na mambo ya mazingira. Walimu wao wanatuuliza mambo mawili. La kwanza, kama ziko familia zitakazowapokea. La pili, ni mahali gani pa asili na pa utamaduni ambapo sisi wenyeji tungependa wapaone.

Hilo la pili limetusumbua kuliko la kwanza. Familia zitapatikana, watu wetu hawajawahi kushindwa kumpa mgeni kitanda. Lakini tulipoisoma barua ofisini, mtu mmoja alijibu haraka haraka, "Si waje tu waone Kibera." Wote tukanyamaza. Kila mmoja alijua anakumbuka nini. Kwa hiyo kabla ya kuijibu barua hii ni lazima tuwaeleze jambo ambalo wengine wenu mnalijua na wengine mmelisikia nusunusu tu.

Miaka michache iliyopita chuo kingine, ambacho hatutakitaja, kilileta wanafunzi kama ishirini kwa basi. Mpango wao wa siku ulikuwa hivi: asubuhi kulisha twiga, adhuhuri Kibera, jioni nyama choma. Tulipewa saa mbili tuwatembeze. Tukakubali. Hakuna aliyetulazimisha, jamani, tulikubali wenyewe na tukajisikia wakubwa. Tukawapitisha kwenye reli, tukawashusha vichochoroni, na tulipofika kwa mama mmoja ambaye ofisi yetu ilikuwa ikimsaidia unga na karo ya mtoto, tukabisha hodi. Mama huyo alikuwa ametoka hospitali siku tatu tu. Alikuwa amelala kitandani na nguo za ndani zimeanikwa kwenye kamba juu yake. Tukaingia watu saba, wengine wakabaki mlangoni. Tukamwuliza, "Mama, si wageni wanaweza kupiga picha?" Akasema sawa.

Mtoto wake wa kiume alikuwa shule ya bweni, mbali na Nairobi. Zaidi ya mwaka ukapita. Siku moja mwenzake akamwonyesha kwenye simu ukurasa wa watu wa ng'ambo wanaochanga pesa, na pale juu akamwona mama yake, kitandani, chini ya ile kamba ya nguo. Kijana aliporudi likizo hakusalimia. Aliuliza, "Mama, walikulipa ngapi?" Hakuwa amelipwa hata senti.

Mama alipotujia hakupiga kelele. Alituambia maneno haya, na tumeyaandika kwenye daftari la ofisi yasije yakasahaulika: "Mngeniuliza mkiwa nje, ningekataa. Mliniuliza mkiwa ndani." Hebu fikirini. Angewezaje kumkatalia mtu anayemletea unga, akiwa amesimama katikati ya nyumba yake na wageni nyuma yake?

La Kawangware ni fupi ila nalo liliuma. Kikundi kimoja cha akina mama wapatao kumi na tisa, waliokuwa wakichanga na kuzungushiana pesa vizuri kwa miaka mingi, walitembelewa na wageni. Wakati wa kuaga mwalimu akampa mwenyekiti bahasha. Hakuna risiti, hakuna aliyehesabu mbele ya wenzake. Mwenyekiti alisema zilikuwa elfu nane, wengine walisikia ishirini. Mpaka leo hatujui ukweli. Kikundi kilikufa kabla ya Krismasi.

Basi mtu aweza kusema, kama ni hivyo tufunge mlango. Wako waliosema hivyo, na tunawaheshimu. Sisi hatufiki huko, na sababu zetu ni hizi.

Kijana kwenda kusoma nchi ya watu ni jambo jema, na sisi Wakenya tumelifaidi. Mwaka 1959 Tom Mboya alipanga ndege ikachukua wanafunzi wetu 81 kwenda Marekani, na wengine wengi wakafuata. Mwaka 1960 akaenda msichana wa Nyeri aliyesoma kwa masista wa Loreto kule Limuru. Alipokelewa katika chuo cha Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, Kansas, chuo cha watawa Wabenediktini. Alisoma baiolojia, akarudi, na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Huyo ndiye Wangari Maathai. Huwezi kujua ni yupi kati ya hao wanaoshuka kwenye basi na kofia zao atakayerudi kwao na jambo la maana.

Tena wageni wa namna hii hawakuanza jana. Chuo Kikuu cha St. Lawrence cha jimbo la New York kimekuwa kikileta wanafunzi Kenya tangu 1974 na kina makao yake Karen. Katika mpango wao kuna jambo linalotupendeza: mwanafunzi hukaa na familia, za mjini na za mashambani pia, anakula wanachokula. Anayekaa na watu wiki mbili haoni sawa na anayepita saa mbili. Wazee walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule wa basi haifikii hata hiyo siku ya kwanza.

Kwa hiyo baada ya aibu ile tulijaribu tena, kwa namna nyingine. Walikuja wanafunzi watano tu, wakakaa wiki tatu. Tulitoa sharti moja ambalo walimu wao walilishangaa kidogo: kila mahali watakapopelekwa, vijana wetu waende nao, idadi sawa kwa sawa, na nauli na viingilio vyao viwe ndani ya bajeti ya ziara. Walikubali. Tunayotaka kuwaeleza sasa ni yale tuliyoyaona katika wiki hizo tatu, maana ndiyo yatakayokuwa jibu letu kwa barua hii mkiyakubali.

Tulianzia Makina, kwa wazee wa Kinubi. Wengi wetu tumeishi Kibera miaka thelathini bila kuuliza jina hili limetoka wapi. Kwa Kinubi, kibra ni msitu. Askari waliotoka Sudani, waliotumikia jeshi la Mwingereza la King's African Rifles, waliwekwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ardhi hii ikatangazwa rasmi kuwa ya jeshi, ekari 4,197. Zilikwenda wapi ekari hizo? Hilo ndilo somo la historia lenyewe. Mwaka 2017 Wanubi walipokabidhiwa hati ya jamii na Rais Uhuru Kenyatta, ilikuwa ya ekari 288. Mzee aliyetueleza hakutaka kuonewa huruma. Alituonyesha kawa za kufunikia chakula zilizosukwa kwa rangi nyekundu na kijani, akatueleza jinsi harusi ya Kinubi inavyokwenda, akawafundisha vijana salamu za Kinubi. Msichana mmoja wa Laini Saba, mzaliwa wa hapa hapa, alikuwa akiandika kuliko wale wageni.

Hapo pia tulirekebisha jambo. Wageni huja wamesoma kwamba Kibera ina watu milioni moja, na wanalisema kama sifa. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu kama 170,000. Hata hao ni wengi mno kwa maji na vyoo vilivyopo, hakuna haja ya kuwaongeza ili mtu atoe machozi.

Kutoka Makina tuliteremka upande wa mto na bwawa. Bwawa la Nairobi lilijengwa 1953. Maji yake ni ya mto Motoine, na yakitoka hapo ndipo mto unaitwa Ngong. Mzee mmoja wa Silanga aliwaambia vijana kwamba wazungu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale, na ni kweli, palikuwa na klabu ya mashua. Vijana wetu walicheka, walidhani anatania. Ukisimama pale leo unaona majani, gugu maji na taka. Basi tukakaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, karibu asubuhi nzima. Wanafunzi waliojifunza mazingira wakaulizana na vijana wetu: uchafu unatoka kwa nani? Rahisi kusema unatoka kwa watu wa Kibera. Lakini gari la taka lisipoingia kijijini, na bomba la majitaka lisipofika, mtu wa Lindi atatupa wapi? Na ule mto unapita kwa wengine kabla ya kufika kwetu. Na mafuriko ya mwaka 2024, yalipobeba nyumba za kando ya mito hapa Nairobi, yaliwabeba kina nani? Hapo mgeni alijifunza umaskini unavyofanya kazi, na hakuingia kitandani kwa mtu.

Jambo la maji pia lilikuwa hivyo. Mwanafunzi aliyekaa kwa familia moja ya Kianda alipewa mtungi wa lita 20 akachote kama watoto wengine. Siku ya nne akaanza hesabu zake mwenyewe kwenye daftari, akagundua kwamba mwenye mabati hulipia lita moja ya maji bei kubwa kuliko mwenye bomba kule ng'ambo ya ukuta. Sisi tunalijua hilo siku zote. Yeye alilijua kwa mabega.

Msitu wa Ngong Road uko karibu nasi hivi kwamba kuni zetu nyingi za zamani zilitoka huko. Umemegwa sana, na barabara kuu ya Southern Bypass imeupitia, lakini miti ya asili bado iko na ndege wako. Msiende bila kiongozi wa msitu. Tunasema hivyo kwa usalama na kwa sababu bila yeye utaona miti tu, hutajua upi ni upi.

Sasa tuseme juu ya mbuga. Nairobi National Park ilifunguliwa 1946, ndiyo ya kwanza nchini, kilomita za mraba 117, na lango lake kuu liko Lang'ata. Kutoka Kibera mtu mwenye miguu mizuri aweza kutembea mpaka langoni. Katika basi letu dogo tulikuwa na vijana wetu watano. Tukawauliza nani amewahi kuingia. Mmoja, na wakati ule alikuwa darasa la tano. Wageni waliotoka ng'ambo ya bahari walikuwa wamekwisha kuingia mara mbili! Tulipofika juu kidogo twiga wakasimama na majumba ya jiji nyuma yao. Wageni wakapiga picha zao. Kijana mmoja wa Lindi, miaka kumi na tisa, yeye aligeuka nyuma, akawa anatafuta tafuta kwa macho. Akauliza, "Nyumbani ni upande gani?" Dereva akamwonyesha. Akatazama kwa muda mrefu.

Pale pale mbugani kuna mahali ambapo Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na ambapo tani 105 zilichomwa mwezi wa Aprili 2016. Ukitazama juu unaona reli mpya ikipita kwenye nguzo ndefu kukatiza mbuga, ile ya kwenda Naivasha iliyofunguliwa 2019. Vijana walibishana ndani ya gari kama ilikuwa haki kuipitisha pale. Wa Kibera mmoja akasema, "Kwetu 2018 barabara ilipopita, nyumba na shule zilibomolewa. Hapa walijenga nguzo ili simba apite chini." Mabishano yakaisha hapo kwa muda.

Kwenye makumbusho ya taifa tulikwenda siku ya pili. Wageni wote hupelekwa huko, lakini mara nyingi huelezwa habari za familia ya Leakey tu. Waambieni wamtafute Mvulana wa Turkana, mifupa ya mtoto aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Aliyeiona kwanza, mwaka 1984 kule Nariokotome, ni Kamoya Kimeu, Mkamba aliyeanza kazi hiyo kama kibarua wa kuchimba, akawa bingwa ambaye wasomi wa dunia walimtegemea. Alifariki 2022. Binti mmoja wa Gatina aliposikia jina hilo alisema kwa sauti, "Huyu si ni mtu wa kwetu!" Mlinzi akamwambia ashushe sauti, lakini alikuwa akitabasamu. Wenye muda zaidi waende Olorgesailie, barabara ya Magadi, wakaone mashoka ya mawe yametapakaa ardhini palepale yalipoachwa.

Karura tulikwenda kwa ajili ya Wangari. Mwezi wa Januari 1999 alipigwa kichwani pale akiwa na wenzake wanaotaka kupanda miti, wakati msitu ulikuwa unagawanywa kwa watu binafsi. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo watu wanatembea pale na watoto, wanaendesha baiskeli. Tuliwaambia wageni, huyu alikuwa mwanafunzi wa ugenini kama ninyi. Hatukuongeza neno.

Ninyi wa Kawangware mnatutazama kama mnaosahauliwa. Tunafika. Mara nyingi wageni huambiwa kwamba Kawangware ni Kibera ndogo, na hilo si kweli hata kidogo. Kibera ardhi ni ya serikali kwa sehemu kubwa, na ugomvi wake ni huo. Kawangware ploti nyingi zina wenyewe, familia za Kikuyu zilizorithi mashamba, wakajenga vyumba vya kupangisha, ndipo Waluhya na wengine wengi wakaja kupanga. Mgeni akikaa Gatina wiki moja na Makina wiki moja, akalinganisha kodi, vyoo na mwenye nyumba, atajifunza zaidi kuliko vitabu vitatu.

Historia nayo ipo. Eneo la Dagoretti ndiko Kapteni Lugard alikopiga kambi mwaka 1890, akafanya mapatano na Waiyaki wa Hinga. Mapatano hayakudumu. Askari walianza kuwanyang'anya watu chakula, ngome ikashambuliwa, na mwaka 1892 Waiyaki akakamatwa, akafa njiani Kibwezi akipelekwa Pwani. Na hapo jirani, upande wa Lavington, iko misheni ya St. Austin's iliyoanzishwa mwaka 1899 na mapadre Wafaransa wa Roho Mtakatifu, ambao walipanda kahawa mapema kuliko karibu wote katika sehemu hizi za Nairobi. Kahawa hiyo ilizaa mashamba makubwa, na mashamba yalizaa vibarua, na vibarua walihitaji pa kulala. Kutoka kwenye mti wa kahawa unaweza kutembea mpaka steji ya Congo na kueleza kila hatua. Upande wa pili kuna Kangemi, ambako Papa Fransisko alifika tarehe 27 Novemba 2015 akazungumza juu ya hekima iliyomo katika mitaa ya watu maskini, na pia juu ya ardhi na maji. Kanisa alilosimama lipo, mtu aweza kuliona.

Utamaduni tusiutafute mbali pia. Watu huuliza Bomas of Kenya. Ni mahali pazuri, pameanzishwa 1971, ila mwaka 2025 ujenzi mkubwa ulianza hapo, kwa hiyo ulizeni kwanza kama kuna maonyesho. Wakati huo huo, Jumapili mchana Kawangware utasikia nyimbo za Kiluhya upande huu na za Kikuyu upande ule, na kwenye meza moja kuna mrenda na mukimo. Waleteni wageni jikoni. Wapike. Wale watano wetu walisonga ugali ukawa na madonge, na watoto wanawakumbuka kwa hilo mpaka leo.

Za Pwani hatutasema sana kwa kuwa walimu wao wanazijua: Fort Jesus iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, mji wa kale wa Lamu, na misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Hiyo ya mwisho tunaiomba kwa nguvu, kwani kule msitu na mila ni kitu kimoja, na mgeni huingia kwa ruhusa ya wazee, akifuata miiko yao. Sisi tuliwaza, kama kaya ina mlango na mzee wa kukubali au kukataa, kichochoro cha Kibera kimekosa nini?

Sasa masharti. Tumeyaandika kwenye rasimu ya jibu, nanyi myakosoe. Hakuna mgeni kuingia nyumba ambayo haikuombwa siku moja kabla, na anayekwenda kuomba asiwe mtu wa ofisi anayetoa msaada kwa nyumba hiyo. Awe jirani, ili mama aweze kusema hapana bila kuogopa unga wake. Picha za watoto hazipigwi bila mzazi. Hilo si ukaidi wetu tu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka hivyo, na mtu mzima naye ana haki ya kuulizwa picha yake itakwenda wapi. Anayetaka kuuliza watu maswali kwa ajili ya utafiti aonyeshe kibali cha NACOSTI. Msione haya kukidai, akina mama. Ninyi mkitaka kuuza mandazi tu mnadaiwa leseni. Pesa za familia zilipwe kwa kiwango kimoja kinachojulikana, kwa risiti, wawili wakitia sahihi, na bahasha za kuaga zirudishwe kwa mwalimu papo hapo hata zikiwa nono. Na kila kiti cha mgeni ndani ya basi kiwe na kiti cha kijana wetu. Viingilio vya mbuga na makumbusho kwa raia na wanafunzi ni vya chini kuliko vya wageni, lakini hubadilika, basi ulizeni kabla ya kupanga.

Wako watakaosema masharti haya yatawafukuza. Huenda. Chuo kimoja tayari tulikiandikia mambo kama haya na hakikujibu. Tulihuzunika kidogo kwa sababu ya karo ambazo zingepatikana, hatutawaficha. Kuna familia tatu ambazo zingelipa kodi ya miezi miwili kwa fedha zile.

Ninyi vikundi vya mashambani mtakaosoma haya, mkipata barua kama hii, anzeni na kile mlicho nacho: mwamba wenye hadithi, chemchemi, mzee anayejua mipaka ya zamani, mti wa kuapia. Andikeni majina kabla wageni hawajafika. Vijana wenu ndio wayaandike.

Kuhusu familia za kupokea, mpaka asubuhi hii tulikuwa na majina saba ya Kibera na manne ya Kawangware. Yanatakiwa kumi na mawili. Yule mama tuliyemtaja mwanzoni yuko hapa leo, na ametupa ruhusa ya kusimulia habari yake bila jina. Kabla hatujaanza alikuja mezani akajiandikisha, akawa wa kumi na mbili. Ametoa sharti lake mwenyewe: mgeni akae kwake siku kumi na nne kamili, na simu iwekwe juu ya kabati mpaka wiki ya pili. Mwanawe, ambaye sasa amemaliza shule, ameomba awe mmoja wa vijana watakaoongoza matembezi ya mto na bwawa. Tumemwambia mkutano ndio utakaoamua.

Yaliyobaki ya kuamuliwa ni kiwango cha malipo, maana Kawangware wanasema kodi yao ni ya juu na Kibera wanasema kiwango kiwe kimoja, na pia nani atashika kitabu cha risiti. Tutayachukua baada ya chai. Wa Kawangware wanywe kwanza, mnajua mvua ikinyesha makanga hupandisha nauli.